Salamu Tamu za Jumatano

Mjini mtu huishi kwa jasho lake, kwa urithi wa baba yake, au kwa ulimi wake. Huyu ninayetaka kuwasimulia habari zake hakuwa mtu wa kutoka jasho, na baba yake alimwachia miwani tu, tena ya kusomea, naye kusoma hakupenda. Ukabaki ulimi. Mtaani walimwita Samahani, kwa sababu neno hilo ndilo lililotangulia kukufikia, halafu ukafuata mkono wake, halafu ukajipapasa mfukoni ukakuta baridi.

Jumatano moja asubuhi Samahani alikuwa ameketi kwenye korido ya zahanati ya mtaa, ubavuni mwa shangazi yake, akinywa soda. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amejificha. Siku mbili nyuma alimuuzia fundi viatu redio nzuri yenye kila kitu isipokuwa vitu vya ndani, na alijua fundi viatu anaogopa sindano kiasi kwamba hapo hatii mguu. Shangazi mtu, ambaye ndiye aliyekuwa akimlisha na kumpa pa kulala, alifurahi kupata mtu wa kumbebea mto wa kukalia.

"Shangazi, hivi tunangoja nini hapa?"

"Daktari wa sukari."

"Tangu lini?"

Shangazi alifungua daftari lake la kliniki akampa asome mwenyewe. Ukurasa mzima ulikuwa mihuri, tisa kwa hesabu, yote ya buluu, yote ikisema neno moja: HAKUONWA. ARUDI JUMATANO.

"Jumatano tisa!" Samahani akashangaa. "Hata mimi nikimdai mtu siendi mara tisa."

"Ngoja uone mambo yao," shangazi akasema. "Utacheka mpaka ulie."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Daktari wa sukari alikuja Jumatano tu, na jua likifika utosini aliondoka, maana zahanati nyingine ilikuwa ikimngoja. Kwa hiyo nesi wa korido, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kengele, alimtoboa kila mtu kidole, akaangalia mashine yake ndogo, akatangaza namba kwa sauti ili hata muuza magazeti wa nje asikie. Mwenye kumi na tano kwenda juu alikaa benchi la mbele, karibu na mlango wa daktari. Mwenye chini ya hapo alikaa benchi la nyuma, karibu na choo. Daktari alianza na la mbele, na kabla hajalimaliza, saa yake ya kuondoka ilikuwa imefika. Matokeo yake, aliyekula keki jana alionana na daktari leo, na aliyejinyima alionana na mlango wa choo.

Shangazi alikuwa mtu wa kujinyima. Alikuwa fundi cherehani, na miaka minne sasa hakuwa ametia sukari kwenye chai. Kila Jumatano nesi alimtoboa, na kila Jumatano aliandika kwenye daftari, akatangaza: "Sita!" Shangazi aliipenda hiyo sita yake kama wengine wanavyompenda kifungua mimba. Aliposikia inatajwa alivuta kitambaa chake cha kichwa vizuri, kisha akaenda kukaa karibu na choo kwa heshima zake zote.

"Sasa wewe mzima na sita yako, daktari wa nini?"

Shangazi akashusha sauti. "Mguu huu wa kushoto siusikii, mwanangu. Juzi nilikanyaga kitu pale chini ya cherehani. Sikujua. Nilijua kwa kuona damu sakafuni. Nataka auangalie tu."

"Si umwambie nesi?"

"Nimemwambia. Amesema mguu hauna namba."

Samahani alikuwa bado anatafakari neno hilo alipoingia Mwenye Magodoro, tajiri wa duka la magodoro la barabara kubwa, anatangulia yeye tumbo nyuma, au tumbo mbele yeye nyuma, ilikuwa vigumu kujua. Samahani hakuwahi kumwacha tajiri apite bila salamu. Akaruka, akahamishia chupa mkono wa kushoto, na soda ikammwagikia kiganja kizima. Hakujali.

"Shikamoo mzee! Samahani, mkono wangu umelowa kidogo."

"Marahaba, marahaba," tajiri akajibu, akatoa mkono bila kumtazama, kama mtu anayempa mwenzake koti alitundike.

Nesi akamwita hapo hapo. "Umeosha mikono?"

"Nimeosha nyumbani," tajiri akajibu, na hivyo ndivyo walivyojibu wote, kwa sababu bomba la kibarazani lilikuwa limenyauka siku nyingi na pamba ya spiriti ilikuwa imekwisha. Nesi akatoboa, akaangalia, akaruka.

"Ishirini na nne!"

"Haiwezekani! Juma lililopita nilikuwa tisa!"

"Mzee, mashine haina undugu na mtu. Benchi la mbele!"

Haikupita robo saa, Mwenye Magodoro alikuwa ametoka kwa daktari, amepimwa presha, amechunguzwa macho, amechukuliwa damu ya mkononi ipelekwe maabara ya hospitali kubwa, tena anacheka. "Miezi mitano sijauona uso wa daktari," akamwambia kila mtu. "Leo nimepata mpaka kiti!"

Samahani akakitazama kiganja chake cha kulia. Akakilamba. Kitamu. Akakitazama tena, safari hii kwa adabu, kama mtu aliyegundua kwamba mpangaji wake wa siku nyingi kumbe ni mwana wa mfalme.

Daktari alipoondoka, shangazi alipigwa muhuri wa kumi. Mpwa wake hakuuona. Alikuwa kwenye mawazo.

Kwa juma zima Samahani alichemsha soda jikoni kwa shangazi, mpaka ikawa nzito kama gundi, akaitia kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka. Shangazi akauliza harufu hiyo ni ya nini. Akajibiwa ni dawa ya kikohozi. Hakuna aliyekuwa anakohoa ndani ya nyumba ile, lakini shangazi alikuwa na nguo za watu za kumaliza.

Jumatano iliyofuata, kijana wetu alisimama kwenye mlango wa zahanati akiwa amevaa koti, mkono wa kulia mfukoni, uso umejaa huruma. Alimvuta Mwenye Magodoro kando.

"Mzee, samahani. Leo unataka kukaa mbele au nyuma?"

"Nani hataki mbele?"

"Basi mimi ninayo mafuta maalumu. Hayaingii mwilini, hayadhuru. Yanaichanganya mashine tu. Nikikusalimia, mashine inapagawa."

"Wewe! Kumbe siku ile..."

"Ilikuwa zawadi, mzee. Leo ni biashara."

Mwenye Magodoro alikuwa mtu ambaye hawezi kununua hata kiberiti bila kuomba kipunguzwe. Wakavutana. Fedha taslimu aliikataa kabisa, akasema fedha yote iko kwenye mzigo. Mwishowe wakakubaliana: salamu za Jumatano zote, kwa godoro moja jipya, lenye karatasi yake ya nailoni. Samahani, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akilala juu ya mkeka sebuleni, alikubali upesi kuliko ilivyofaa.

Habari njema haina miguu lakini hutembea. Mama Mwenye Nyumba, mwenye vyumba vya kupangisha mtaa mzima, akataka salamu. Mwalimu mkuu mstaafu, aliyepiga watoto viboko miaka thelathini kwa kosa la kudanganya, akataka salamu naye, tena akaomba ya mikono miwili. Maana biashara ilikuwa na daraja zake: salamu ya kawaida ilikupeleka kumi na saba, ya kushika kwa nguvu ilikupeleka ishirini, na ile ya mikono miwili pamoja na "pole sana na maradhi" ilikufikisha mahali ambapo nesi alishika kifua. Kila mmoja alilipa kwa alichonacho. Na wanatuambia wagonjwa wa mji huu hawana umoja!

Benchi la mbele likafurika. Walikaa watu kumi na wanne mahali pa kukaa saba, wanene kwa wembamba, wote wamepagawisha mashine. Benchi la nyuma akabaki shangazi, mwenye sita yake safi, na vizee wawili waliokuwa wanasinzia.

Jua lilipofika utosini daktari akatoka, begi mkononi. Shangazi akainuka. "Daktari, mguu wangu..."

"Jumatano, mama! Jumatano nitaanza na wewe!" Akawa ameshatoka.

Muhuri wa kumi na moja.

Walirudi nyumbani polepole. Shangazi alikuwa anachechemea bila kujijua, kama mtu anayetembea na mguu wa kuazima. Alipofika alikaa kitini, akavua kiatu, na Samahani akaona soksi imeshikana na unyayo. Akageuza uso. Ulimi wake, ambao haukuwahi kukosa la kusema, ukalala.

Godoro lilikuwa limeshaletwa. Lilisimama ukutani na nailoni yake inang'aa. Usiku ule alililalia, lakini lilimwuma mbavu kuliko mkeka.

Asubuhi akajitoa mhanga. "Shangazi, Jumatano ijayo nisalimie kabla hujaingia."

"Mbona unanisalimia kila siku?"

"Nisalimie kwa mkono." Akamweleza yote: soda, kikopo, mashine, benchi. Alidhani atacheka. Shangazi aliweka mkasi chini.

"Kwa hiyo wale watu kumi na wanne ni wako?"

"Samahani, shangazi."

"Mimi nimekula mboga chukuchuku miaka minne. Nimekaa harusini naangalia keki inapita kama naangalia gari la bosi. Nimeipata sita yangu kwa meno haya. Leo wewe unataka unipe ishirini kwa salamu? Waseme nesi na mtaa mzima kwamba fundi cherehani naye kumbe analamba sukari usiku? Thubutu!"

"Lakini mguu, shangazi!"

"Mguu ni wangu. Na namba ni yangu. Hakuna atakayeigusa."

Samahani alibembeleza mpaka Jumanne jioni. Alishawahi kumuuzia mtu kivuli cha mti wa jirani, lakini kwa shangazi alikwama.

Jumatano ikafika. Kijana alisimama mlangoni kama kawaida, ingawa bila raha. Angeacha, lakini Mwenye Magodoro alikuwa amemkazia macho, na godoro limeshalaliwa. Akasalimia. Benchi la mbele likaanza kujaa: ishirini, kumi na tisa, ishirini na mbili. Shangazi akatangazwa sita, akaenda zake karibu na choo.

Ndipo nesi alipokunja uso. Kwa mbali alikuwa ameanza kunusa kitu.

"Wewe kijana wa koti! Kila Jumatano uko hapa unashika watu mikono. Wewe ni nani? Diwani?"

Mwenye Magodoro akaanza kuchunguza dari. Samahani akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu abalehe, neno la kwanza halikutoka.

Sauti ikatoka karibu na choo.

"Ni mgonjwa huyo, nesi. Mtoto wa kaka yangu. Usiku kucha anakunywa maji, anatoka nje, anarudi, anakunywa maji. Anaona haya kusema."

"Kumbe! Sasa si ungesema, kaka? Njoo ukae. Vua koti."

Kukataa kungekuwa kujieleza, na kujieleza kungekuwa kituo cha polisi. Samahani akakaa. Akakumbuka kikopo kilichomo mfukoni, akalivua koti haraka, akamrushia shangazi alishike. Hapo akajiona mjanja. Kisha, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa umejaa biashara, akautoa wa kushoto, uliokuwa safi kama wa mtoto mchanga. Hapo akajiona mjanja zaidi.

Tatizo lilikuwa moja. Ile sindano ndogo ilipotolewa kwenye karatasi yake, alijikuta hana tofauti na fundi viatu.

"Shangazi!"

"Niko hapa, mwanangu. Ngoja nikushike mkono. Fumba macho."

Akafumba. Akahisi kiganja cha shangazi kimelowa, akaona huruma: maskini, naye anatoka jasho la hofu. Shangazi akamsugua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama anayetafuta uzi kwenye kitambaa. Kisha sindano. Nesi akaitazama mashine mara mbili.

"Ishirini na saba," nesi akasema. Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililomtisha.

"Huo ni mkono wa kushoto!" Samahani akalia.

"Sukari haichagui mkono, kaka. Hii ndiyo kubwa kuliko zote leo. Unaingia wa kwanza. Na mtu wa namba hii haingii peke yake. Mama, mshike."

"Namshika," shangazi akasema, akaacha koti, akachukua mto wake.

Walikuwa hawajaufikia mlango, Mama Mwenye Nyumba akapiga ukelele. "Ishirini na saba! Na huyu ndiye anayetusalimia?"

Vichwa kumi na vinne vikageuka. Mtu anaweza kuona wazo baya likitembea kwenye benchi, kutoka kichwa hiki kwenda kile.

"Mimi nilikuwa nane," akaendelea, "akanisalimia nikawa kumi na tisa!"

"Mafuta gani hayo!" akasema mwalimu mkuu. "Kumbe ni sukari yake mwenyewe anatugawia!"

"Jamani!" Mwenye Magodoro akasimama, ametota jasho. "Mimi nimetoa godoro zima niambukizwe?"

"Godoro gani?" nesi akauliza.

Benchi zima lilikuwa limeshatoka mbio, mwalimu mkuu mbele na fimbo yake ya kutembelea begani, kuelekea mahali pa kuoshea magari ng'ambo ya barabara. Walioosha viganja, walioosha mpaka viwiko, na Mwenye Magodoro alimwomba mwosha magari amwelekezee mpira.

Ndani, daktari alimkuta mgonjwa wake amelegea kitini, anaaga ulimwengu.

"Daktari," shangazi akasema, "huyu muache apumue kwanza. Wakati anapumua, angalia huu." Akavua kiatu na soksi, akaweka mguu juu ya kiti cha daktari kabla mwenyewe hajakikalia.

Daktari alifungua mdomo kukataa. Akauona unyayo. Akaufunga. Akavuta taa, akapiga magoti.

"Mama, hapa unasikia?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Umeshagusa?"

Daktari akachukua kibano kidogo, akavuta, na kwenye sahani ya chuma kikalia kitu: tin! Kilikuwa kipande cha sindano ya cherehani, kirefu kama punje ya mchele. Shangazi akakitazama kwa makini.

"Namba kumi na sita," akasema. "Nilifikiri fundi mwenzangu ameiiba."

"Jumatano ngapi umekuja na mguu huu?"

Shangazi akampa daftari. Daktari akaitazama ile mihuri mmoja baada ya mwingine, na uso ukamwiva. "Kwa nini hawakukuingiza?"

"Mimi ni sita, daktari. Ninajitunza. Na mguu, nesi anasema, hauna namba."

Daktari akasafisha kidonda, akakifunga vizuri, akamwandikia dawa, akamwambia asikanyage cherehani bila viatu, na kwamba mwezi mmoja zaidi wangekuwa wanaongea mengine, mabaya. Halafu kwa mkono wake mwenyewe akaandika juu ya daftari kwa wino mwekundu: AONWE KWANZA KILA JUMATANO MPAKA APONE.

"Haya, na huyu maiti wako?"

"Daktari, nitaishi?" Samahani akauliza kwa sauti ya kaburini.

"Lete mkono. Mbona unanata?" Daktari alikuwa na chupa yake ya maji ya kunywa. Akamwosha, akamkausha, akamtoboa kidole kingine. Akaangalia mashine. "Tano."

"Miezi mitano?"

"Namba tano! Huna sukari. Huna ugonjwa wowote ninaoujua mimi."

Samahani akageuka polepole kumtazama shangazi yake. Shangazi alikuwa ametoa leso, anajifuta kidole kimoja kimoja, hana habari na mtu.

Mlango ukafunguka. "Daktari," nesi akasema, "benchi la mbele limepona. Wamekwenda kuoga, wamerudi, nimewatoboa upya: nane, tisa, saba, kumi. Na Mwenye Magodoro ameniambia habari yote, wakati anabubujikwa na machozi."

Daktari akatoa bahasha mezani, majibu ya maabara ya wale wa Jumatano mbili zilizopita. Alikuwa ameyashangaa tangu asubuhi: damu ya mkononi ilisema nane, kidole kilisema ishirini na nne. Sasa hakushangaa tena. Akamtazama Samahani.

"Kijana, kuna kituo cha polisi na kuna ndoo. Chagua."

"Ndoo ya nini, daktari?"

"Ya maji. Kila Jumatano utaleta maji hapa, utasimama mlangoni, utamwosha mikono kila anayeingia. Kwa sabuni. Na wewe nesi, kuanzia leo ni mmoja wa benchi la mbele, mmoja wa benchi la nyuma. Na mguu una namba."

"Ngapi, daktari?" nesi akauliza.

"Moja."

Mwenye Magodoro alikataa kurudishiwa godoro lake, hata kwa kulishika na fimbo. Alisema limeshaambukizwa. Daktari akasema kitanda chake cha kupimia wagonjwa kimebaki mbao tupu tangu mwaka juzi. Basi mchana ule watu wa mtaa walimwona Samahani akipita na godoro jipya kichwani, nailoni inapepea, analipeleka zahanati, na wengi walidhani ameibiwa akili. Usiku alirudi kwenye mkeka wake.

Jioni hiyo kabla ya kulala alikaa kizingitini. Shangazi alikuwa ndani, mguu juu ya stuli, anapindua mshono wa suruali ya mtu.

"Shangazi."

"Naam."

"Umenidanganya. Mbele ya watu. Na wewe hujawahi kusema uongo maisha yako yote."

Shangazi akakata uzi kwa meno.

"Mimi? Kasome kwenye daftari. Namba yangu ni sita."